Wengi Wape, Hata Huko London

Asubuhi ya Julai 5, 2024, mjini King's Lynn, mashariki mwa England, wagombea wa jimbo la South West Norfolk walipanda jukwaani kusikiliza matokeo. Miongoni mwao alikuwamo Liz Truss, waziri mkuu wa Uingereza kwa wiki chache za mwaka 2022. Katika uchaguzi wa 2019 jimbo hilo lilimpa ushindi wa tofauti ya kura zaidi ya 26,000. Safari hii msimamizi akatangaza: Terry Jermy wa Labour, kura 11,847, Truss, kura 11,217, mgombea wa Reform UK, kura 9,958. Truss kaanguka kwa kura 630, na habari hiyo ikazunguka dunia.

Sisi tunamwomba msomaji aitazame namba nyingine. Waliopiga kura jimboni humo walizidi 44,000, na mshindi alipata asilimia 26.7 tu. Maana yake ni kwamba watu zaidi ya 32,000 waliamka, wakaenda kituoni, wakachagua mtu mwingine, na bado mbunge wao ni yule yule mmoja. Hakuna aliyeiba kura na hakuna sanduku lililopotea njiani. Ndivyo sheria ya Uingereza inavyotaka: aliyetangulia, hata kwa kura moja, amelichukua jimbo lote.

Katika vikao vyetu tumezoea kusema: wachache wasikilizwe, wengi wape. Uingereza, nchi ambayo mabunge mengi ya dunia yaliiga taratibu zake hadi joho la spika, imefika mahali ambapo wachache ndio wanaopewa, na wengi hata kusikilizwa hawasikilizwi. Yapo mengi yanayojadiliwa huko kwa jina la mageuzi ya katiba: Baraza la Malodi, vijana wa miaka 16 kupiga kura, vitambulisho vituoni, madaraka ya Scotland na Wales. Msimamo wetu ni kwamba jambo moja linayatangulia yote, nalo ni namna kura ya raia inavyogeuzwa kuwa kiti cha bunge. Hilo lisipoguswa, mengine yote yatakuwa kutengeneza dari la nyumba ambayo msingi wake umepasuka.

Tuitazame hesabu ya nchi nzima. Mwaka 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura zote. Kikapewa viti 411 kati ya 650, yaani asilimia 63. Wahafidhina walipata asilimia 23.7 na viti 121. Reform UK ya Nigel Farage ilipata asilimia 14.3, watu milioni 4.1, ikaambulia viti vitano. Liberal Democrats, waliopata kura chache kuliko Reform, asilimia 12.2, walipewa viti 72. Chama cha Kijani kilipata karibu asilimia 7 na viti vinne.

Gawanya kura kwa viti uone bei ya kiti kimoja. Labour ililipa kura takribani 23,600. Liberal Democrats takribani 49,000. Kijani zaidi ya 450,000. Reform zaidi ya 800,000. Nchi ni moja, siku ni moja, karatasi ya kura ni ile ile, lakini kura ya mtu mmoja ina uzito wa kura thelathini na kitu za jirani yake. Duka la mtaani likiuza sukari kwa mizani ya namna hiyo, watu watalifunga kabla ya adhuhuri.

Ongeza na hili. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 60 ya walioandikishwa. Kwa hiyo serikali yenye wingi mkubwa kiasi hicho bungeni ilichaguliwa na mtu mmoja kati ya kila watano wenye haki ya kupiga kura. Mwaka 2019, chini ya Jeremy Corbyn, Labour ilipata kura milioni 10.3 na viti 202, matokeo yake mabaya kuliko yote tangu 1935. Miaka mitano baadaye, chini ya Keir Starmer, ikapata kura milioni 9.7 na viti 411. Kura zimepungua, viti vimezidi maradufu. Kilichobadilika ni namna wapinzani wa Labour walivyogawana kura zao, Wahafidhina kwa Reform, jimbo baada ya jimbo. Wananchi hawakuhamia Labour kwa wingi. Viti ndivyo vilivyohama.

Reform ilishika nafasi ya pili katika majimbo 98. Nafasi ya pili hailipi kitu. Chama chenye wafuasi waliotapakaa nchi nzima huumia. Chenye wafuasi waliokusanyika mahali pamoja hustawi. Ndiyo maana mwaka 2015 chama cha SNP, kinachogombea Scotland pekee, kilipata viti 56 kwa asilimia 4.7 ya kura, na UKIP, yenye wafuasi waliotapakaa, ikapata kiti kimoja kwa asilimia 12.6.

Tuseme wazi ili tusieleweke vibaya. Sisi hatuna mapenzi na siasa za Farage. Msomaji mwenye ndugu Leicester, Manchester au mashariki mwa London anajua jinsi maneno yake kuhusu wahamiaji yanavyomfikia mtoto shuleni. Hata hivyo, watu milioni nne waliompa chama chake kura ni raia. Haki inayopimwa kwa kutazama nani atafaidika si haki. Viti vyao wanavistahili, na hoja zao zijibiwe bungeni kwa hoja. Kuwafungia nje kwa ujanja wa hesabu hakujawapunguza; kumewapa neno la kusema kwamba mfumo mzima ni hila, na kwa hili moja wanasema kweli.

Kasoro hii si ya jana. Mwaka 1951 Labour ilipata kura nyingi kuliko Wahafidhina na ikaondoka madarakani. Februari 1974 mambo yakageuka: Wahafidhina walikuwa na kura nyingi zaidi, Labour ikaunda serikali. Mwaka 1983 muungano wa Liberal na SDP ulipata asilimia 25.4 ya kura na viti 23, huku Labour, kwa asilimia 27.6, ikipata viti 209. Kila mara mkubwa aliyeumia alilia, kisha alipopata nafuu akanyamaza, kwa kuwa zamu yake ya kufaidi ilikuwa imekaribia. Zamani hilo lilivumilika kwa sababu vyama viwili vikubwa vilizoa karibu kura zote. Leo vyama vitano au sita vinagawana wapiga kura, na mashine iliyoundwa kwa ajili ya farasi wawili inatoa matokeo ya bahati nasibu.

Kwa nini tunaliona ni kubwa kuliko Malodi na mengineyo? Kwa sababu ya kile anachopewa mshindi. Uingereza haina katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja. Ina sheria za kawaida, hukumu za mahakama na mazoea ya wakubwa. Bunge likipitisha sheria, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuifuta. Majaji wanaweza kutamka kwamba sheria fulani inakwenda kinyume na haki za binadamu, lakini sheria inabaki palepale hadi wabunge wenyewe waamue kuibadilisha. Hata Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998 inaweza kufutwa kwa kura za kawaida za wabunge, alasiri moja, bila theluthi mbili na bila kuwauliza wananchi.

Mfano tunao wa karibu, na unaihusu kanda yetu. Novemba 15, 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Rwanda si mahali salama pa kupeleka waomba hifadhi, kwa kuwa ipo hatari ya watu hao kurudishwa walikokimbia. Serikali ya Rishi Sunak ilipeleka bungeni muswada unaosema Rwanda ni salama. Ukapita, ukawa sheria Aprili 2024. Majaji walikuwa wamesikiliza ushahidi wakafikia jambo la ukweli. Wabunge wakapiga kura kwamba ukweli uwe mwingine, na kisheria ukawa mwingine. Labour ilipoingia madarakani Julai 2024 iliuzika mpango huo, na waziri wa mambo ya ndani Yvette Cooper akaliambia bunge kwamba umegharimu pauni milioni 700 na waliokwenda Kigali ni watu wanne, tena kwa hiari yao. Tusijidanganye kwamba kuna kilichouzuia zaidi ya uchaguzi. Serikali ile ingeshinda, ndege zingeruka.

Kabla ya hapo, mwaka 2019, Boris Johnson alilifunga bunge kwa wiki tano wakati nchi inajadili namna ya kutoka Umoja wa Ulaya. Septemba 24 majaji 11 wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, walisema kitendo kile hakikuwa halali, na spika akawaita wabunge warudi kesho yake. Ulikuwa ushindi wa sheria, nasi tuliufurahia. Lakini ona jinsi uzi ulivyokuwa mwembamba: hakukuwa na ibara ya kuisoma, ilibidi majaji wachimbe katika kanuni za karne nyingi. Mwanahistoria Peter Hennessy amekuwa akieleza kwa miaka kwamba utaratibu wa nchi hiyo unategemea viongozi kuwa waungwana wanaojua mipaka bila kuandikiwa. Mswahili husema uungwana ni vitendo. Anapokuja asiyetaka kutenda kiungwana, hakuna ukuta wa kumzuia.

Sasa yaweke pamoja. Bunge lisilo na mpaka, na mlango wake unafunguliwa na theluthi moja ya wapiga kura, au chini ya theluthi. Kura nyingi za maoni za mwaka 2025 ziliionyesha Reform ikiongoza kwa takribani asilimia 30. Kiwango hicho kikitosha kutwaa wingi wa viti, chama hicho kitapata madaraka yale yale yasiyo na mpaka ambayo Labour ilipewa kwa asilimia 33.7. Wale wa Labour walioona mfumo ni mtamu Julai 2024 wakae walitafakari hilo. Ufunguo walioushika si wao peke yao wenye nakala yake.

Linatuuma kwa namna ya pekee kwa sababu sisi tuliandikiwa katiba na watu hao hao. Katika jumba la Lancaster House, London, wajumbe wa Kenya walikaa mwaka 1960, 1962 na 1963. Wa Uganda 1961. Wa Zanzibar 1963. Waingereza waliketi mezani wakisisitiza haki ziandikwe ibara kwa ibara na mahakama zipewe meno. Leo Kenya, kwa katiba yake ya 2010, inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Mahakama yake ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazuia mpango wa BBI wa kuibadilisha katiba. Waliotuambia tuandike, wao wenyewe hawajaandika.

Lakini pamoja na katiba walituachia pia mfumo wao wa kura, na hapo ndipo Zanzibar ilipolipa. Julai 1963, chini ya utawala wa Uingereza, Visiwa vilifanya uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Afro-Shirazi Party ilipata asilimia 54 ya kura. Ikapewa viti 13 kati ya 31. ZNP, kwa asilimia 30, ikapata viti 12. ZPPP, kwa asilimia 16, viti sita. Vyama hivyo viwili vikaungana vikaunda serikali, na Desemba 10 Uingereza ikaikabidhi bendera. Waliopigiwa kura na zaidi ya nusu ya wananchi wakakaa upinzani. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo yake kwa maelfu ya ziada yasiyonunua kiti, na za wenzao zikagawanyika vizuri zaidi katika majimbo yao. Siku 33 baada ya uhuru, Januari 12, 1964, serikali ile ikapinduliwa, na damu ikamwagika ambayo hadi leo familia za Unguja, na za Muscat pia, zinaikumbuka.

Hatusemi mfumo wa kura peke yake ulizaa mapinduzi. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na ubaguzi, kulikuwa na hofu iliyolimbikizwa miaka mingi, na machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961 yalikwisha kuua watu 68. Tunasema kwamba mahali palipokuwa na moto tayari, wakubwa wa London waliruhusu hesabu inayomwambia aliyeshinda kwamba ameshindwa. Na walijua dawa. Huko Ireland, tangu 1920, bunge la Uingereza lenyewe lilikuwa limeweka utaratibu wa mpiga kura kuwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ili kila upande upate viti kadiri ya watu wake. Serikali ya Ireland ya Kaskazini, mjini Belfast, iliufuta kwa bunge lake mwaka 1929, upande mmoja ukatawala miongo kadhaa, na mwisho wake ukawa mabomu. Mwaka 1973 London ikaurudisha Ireland ya Kaskazini, na hadi sasa ndio unaotumika kuchagua bunge la huko. Ilikuwa miaka kumi tu baada ya Zanzibar.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba uwiano wa kura ni jambo geni kwa Waingereza. Ireland ya Kaskazini wanao. Bunge la Scotland tangu 1999 lina wabunge wa majimbo na wengine wa kusawazisha uwiano. Wales, kwa sheria ya 2024, imejiandalia bunge la wajumbe 96 wanaochaguliwa kwa uwiano kuanzia uchaguzi wa Mei 2026. Linalobaki nyuma ni lile la Westminster, lenye kauli ya mwisho juu ya wote.

Wanaoutetea mfumo wa sasa wana hoja, tena nyingine si za kubeza. Wanasema kila eneo lina mbunge wake, raia anajua mlango wa kugonga. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini Jamhuri ya Ireland, jirani yao wa mlango kwa mlango, ina majimbo yenye wabunge watatu, wanne au watano, na yeyote aliyewahi kuishi huko atakuambia kwamba wabunge wake hawakauki misibani wala mitaani. Raia akiwa na wanne wa kugonga milango yao, kuna uwezekano mkubwa mmoja wao akawa wa mrengo wake.

Wanasema pia kwamba mfumo huu unaleta serikali imara. Hesabu nasi: David Cameron, Theresa May, Boris Johnson, Liz Truss, Rishi Sunak, Keir Starmer. Mawaziri wakuu sita kati ya Julai 2016 na Julai 2024. Truss aliingia kwa kuchaguliwa na wanachama wa chama chake, kura 81,326, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 67, na ndani ya wiki saba alikuwa ameondoka. Kama huo ndio uimara, Ujerumani yenye serikali za mseto inauzidi mara nyingi.

Hoja yao ya tatu ni nzito zaidi: kwamba katika serikali za mseto chama kidogo hushika usukani, na mapatano hufanywa baada ya uchaguzi, gizani, bila mpiga kura kuulizwa. Hilo hutokea, na hatutalificha. Jibu letu ni kwamba mapatano yapo hata sasa, ila yanafanyika ndani ya chama kimoja, kati ya makundi ambayo raia hakupewa nafasi hata ya kuyaona kwenye karatasi ya kura. Mseto wa vyama angalau una makubaliano yanayochapishwa.

Na wapo wanaosema wananchi waliulizwa wakakataa. Mei 2011 kulikuwa na kura ya maoni, na asilimia 67.9 walisema hapana. Swali la siku hiyo, hata hivyo, lilihusu kupanga wagombea kwa namba huku jimbo likibaki na mbunge mmoja. Huo si uwiano. Waliojitokeza walikuwa asilimia 42. Swali lenyewe la uwiano, Waingereza hawajawahi kuulizwa. Labour iliahidi kuwauliza katika ilani yake ya 1997, tume ya Roy Jenkins ikaandika ripoti mwaka 1998, na ripoti ikawekwa kabatini. Mkutano mkuu wa chama hicho mwaka 2022 ulipitisha azimio la kuunga mkono uwiano. Viongozi wakasema si kipaumbele. Desemba 3, 2024, mbunge Sarah Olney wa Liberal Democrats alileta hoja ya muswada wa uwiano, na Baraza la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa, likaipitisha kwa kura 138 dhidi ya 136. Hoja za namna hiyo hazina meno bila serikali kuzipa muda, na muda haukutolewa.

Kuhusu Malodi, hatuna maneno mengi. Aprili 2016 nafasi moja ya lodi wa kurithi ilikuwa wazi kwa upande wa Liberal Democrats. Wagombea walikuwa saba. Wapiga kura walikuwa watatu. Wote watatu wakamchagua Viscount Thurso, naye akaingia kutunga sheria za taifa. Mwaka 2024 baraza hilo lilikuwa na wajumbe wapatao 800, wengi wao wakiwa wameteuliwa kwa maisha na mawaziri wakuu waliopita, pamoja na maaskofu 26 wa Kanisa la England. Sheria ya 1999 iliwabakiza wa kurithi 92 kwa muda, na Septemba 2024 serikali ya Starmer ikapeleka muswada wa kuwaondoa wote. Tuliuunga mkono bila masharti. Sheria ya Bunge ya 1911 ilitamka katika utangulizi wake nia ya kuunda baraza linalotokana na wananchi badala ya urithi, na wajukuu wa walioandika maneno hayo wamekwisha kuzeeka. Lakini Malodi kwa kawaida wanaweza kuuchelewesha muswada kwa mwaka mmoja hivi, hawawezi kuuzuia. Kuwaondoa ni usafi. Madaraka yako chumba kingine, kule kwa makabwela.

Kura kwa vijana wa miaka 16, iliyotangazwa na serikali Julai 2025, nayo ni jambo jema. Scotland iliwaamini vijana hao tangu kura ya maoni ya 2014 na haikujuta. Ila kijana anayeishi kwenye jimbo ambalo chama kimoja kimelishika tangu babu yake angali hai atajifunza mapema kwamba kura yake haihesabiki. Na lipo la kutia moyo: serikali hiyo hiyo ilipendekeza mwaka 2025 kuwarudishia wapiga kura wa mameya chaguo la kwanza na la pili, utaratibu uliofutwa na sheria ya 2022, ili meya asishinde kwa robo ya kura. Hoja hiyo ni sahihi. Basi ielezwe kwa nini meya wa mji anahitaji ridhaa pana kuliko mbunge anayepiga kura juu ya vita, kodi na uraia.

Tunachotaka ni hiki. Serikali ya Uingereza iunde baraza la raia waliochaguliwa kwa sampuli, kama Ireland ilivyofanya kabla ya kura zake za maoni kuhusu ndoa na utoaji mimba, na kama jimbo la Ontario lilivyofanya kuhusu mfumo wa kura. Lisikilize wataalamu, lipendekeze mfumo mmoja wa uwiano, na pendekezo lipigiwe kura na wananchi kabla ya uchaguzi mkuu ujao. New Zealand, iliyorithi mfumo ule ule wa Westminster, iliwauliza watu wake mwaka 1993, wakakubali, na tangu 1996 wanachagua kwa uwiano. Haikusambaratika.

Neno la mwisho ni kwa wasomaji wetu walioko huko. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola. Ukiwa unaishi Uingereza kihalali na umetimiza umri, sheria inakuruhusu kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu, hata kama huna pasipoti yao. Wengi wenu hamjui, au mnajua na mmeliacha. Pasipoti yako ya nyumbani inakubalika kuwa kitambulisho kituoni. Ukumbi utakuwa wa kanisa au wa shule, utapewa karatasi na penseli fupi iliyofungwa kwa uzi, na utamaliza kwa dakika tano. Mwaka 2024 jimbo la Hendon, kaskazini mwa London, liliamuliwa kwa kura 15. Mei 2025 uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby uliamuliwa kwa kura sita. Jiandikishe wiki hii. Kisha mwandikie mbunge wako barua ya mistari mitatu, umuulize: ukisimama mbele ya mpango wa kuipa kila kura uzito sawa, utapiga ndiyo au hapana? Mdai jibu kwa maandishi, na ulihifadhi hadi siku ya kura.